Kitambaa cha Kwanza

Mimi hushona majoho ya chuo kikuu, hapa Tartu,
meusi tititi, ukosi wa buluu,
na tangu nilipotimiza miaka thelathini na miwili
kitambaa cheusi hunichongea.
Magamba hudondoka viwikoni kama chenga za sembe;
mteja akigeuka kuchukua mkoba
napiga brashi chapuchapu
kama mwizi anayefuta nyayo.

"Inaambukiza?"
Siku hizi sijibu. Namwandalia mtu chai,
na akikishika kikombe kwa ncha za vidole
najua jibu alikuja nalo.

Februari, mto umeganda hadi kwenye nguzo za daraja,
nilitia sahihi kurasa ishirini na moja.
Daktari Raudsepp alinisomea taratibu,
kama mchungaji anayefungisha ndoa:
nusu yenu mtapata dawa, nusu maji ya chumvi,
nani kapata nini mimi sijui, muuguzi hajui,
unaweza kuondoka siku yoyote,
hutaulizwa.
Nikauliza moja tu: "Mabaka yangu yataandikwa?"
"Yote," akasema. "Hata la nyuma ya sikio."

Basi mpimaji nikapimwa.
Mimi niliyezungushia maprofesa utepe matumboni,
vuta pumzi, shusha bega,
sasa ndimi niliyeshusha bega.
Leelo, muuguzi, mikono yake baridi, akitamka, mwenzake akiandika:
wekundu tatu, unene tatu, magamba manne.
Hakuna aliyewahi kunisoma hivyo
bila kukunja uso.
Hata marehemu Ülo
alizima taa kwanza.

Sindano ya tumbo, kila wiki mbili.
Kwenye benchi la kungojea nilikaa na Kalju,
dereva wa greda la kusukuma theluji,
mtu wa maneno machache na soksi zisizofanana.
Wiki ya nane akakunja shati kimyakimya:
kiwiko laini, kama yai lililomenywa.
Nikampongeza. Meno yakacheka.
Nyumbani nikavua mbele ya kioo, nikahesabu yangu,
yalikuwepo yote, hakuna lililosafiri.

Jino pembe si dawa ya pengo.
Usiku ule nilijikuna kwa rula ya mbao
mpaka shuka likapata ramani,
nikaandika barua ya kujitoa, mistari miwili,
nikaiweka chini ya cherehani.

Jumamosi dada yangu Maie akapiga simu kama kawaida:
sauna imewaka, njoo.
Nikamwambia nina kazi.
Miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, nina kazi.

Na kweli kazi ilikuwepo. Joho la mkuu mpya wa kitivo,
bega moja liko juu kuliko jenzake.
Watu kama yeye siwaanzi na kitambaa ghali.
Nakata kwanza merikani, ile ya bei ya chini,
naitia pini, naichora chaki, naifumua, naishona tena,
kosa lote liishie humo.
Hakuna atakayeivaa jukwaani.
Lakini joho likimkaa sawasawa siku ya sherehe
ni kwa sababu ya hiyo merikani
iliyokunjwa kwenye kikapu, imejaa matundu.

Nikasimama na mkasi mkononi.
Kiwiko cha Kalju, nikajisemea,
nani angekiamini
bila changu?

Barua niliitumia kujaribia uzi.

Wiki ya kumi na sita Leelo akanipima tena.
Tatu, tatu, nne.
Siri haijafunguliwa bado, wala sikuuliza.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa Maie.
Nikavua kila kitu kwenye kile chumba kidogo cha nguo,
nikafungua mlango, joto likanipiga usoni.
Jirani yake, mama mmoja mnene, akanitazama,
akaanza kutazama pembeni.
"Wekundu tatu," nikamwambia, "unene tatu, magamba manne.
Sogea kidogo, nikae."
Akasogea.
Maie akamwaga maji juu ya mawe
asiseme neno.